Vichezeo Vilivyovuka Utoto

Nyakabuye iko kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi ambayo watu wa makamo bado huiita Cyangugu. Chini ya vilima vyake umelala uwanda wa Bugarama wenye mpunga na joto. Ng'ambo ya mto Ruhwa ni Burundi, ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo. Huku ndiko zinakobubujika chemchemi za maji moto ziitwazo Amashyuza, na mawe ya chokaa ya eneo hili yamekilisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA tangu miaka ya 1980. Ni kona ya nchi tatu, na Kiswahili kilikuwa kimezoeleka katika masoko yake zamani sana kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mtu akitaka kuandika historia ya vichezeo vya watoto vinavyotunzwa hadi utu uzima, kona hii inamwekea kikwazo tangu mwanzo: karibu kila kichezeo cha vilima hivi, kwa karne nyingi, kilitengenezwa kwa kitu kinachooza.

Tuanze na mpira. Katika vilima vya Rusizi, kama kwingineko Rwanda, mtoto huokota majani makavu ya mgomba, huyakunja na kuyabana mpaka yawe donge, hutia kitambaa chakavu katikati ili donge lishikane, kisha hulifunga kwa kamba za mgomba zilizolowekwa zisikatike. Hupiga fundo juu ya fundo hadi wavu uushike mpira pande zote. Wenyewe huuita karere. Karere nzuri haipindi ikipigwa wala haitoi majani mapema, na kila kundi la watoto lina fundi wake anayejulikana kwa mafundo yake. Hata fundi huyo hawezi kuufanya mpira uumalize mwaka. Kwa muda fulani mifuko ya plastiki iliingia humo na kuufanya udunde vizuri zaidi, mpaka sheria ya mwaka 2008 ilipoipiga marufuku mifuko hiyo nchini, na fundi akarudi mgombani.

Halafu kuna ng'ombe. Katika nchi ambayo ng'ombe alikuwa mahari, zawadi, heshima na fungamano la watu, mtoto asingekosa kundi lake. Watoto wachungaji waliokota intobo, tunda dogo la jamii ya mtunguja, wakalifanya mifugo: hili jike, hili fahali, lile ndama. Walijenga zizi kwa vijiti, wakanywesha, wakakopeshana, wakaposa kwa ng'ombe hao na kubishania mahari kwa maneno waliyoyasikia kwa wazee. Wengine walifinyanga udongo wa mabondeni, na sifa ya mfinyanzi ilikuwa pembe, ndefu na zilizopinda kama za inyambo, wale ng'ombe wa fahari wa ufalme. Pembe ndizo zilizovunjika kwanza. E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi kati ya Wanuer wa kusini mwa Sudan na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1940, aliwakuta watoto wa huko nao wakifinyanga ng'ombe na kuwachunga. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki walilea watoto wao kwa udongo huo kabla ya kuwakabidhi fimbo. Na mvua moja ya masika ilitosha kulirudisha kundi zima ardhini.

Hata mchezo wa wakubwa, igisoro, mtoto huujifunza kwenye vishimo anavyochimba mwenyewe: safu nne, vishimo vinane kila safu, mbegu 64. Waganda wanauita omweso, watu wa pwani wana bao lao, na hesabu ya vishimo 32 na kete 64 ni ileile. Mtu mzima hucheza kwenye ubao uliochongwa, na ubao unaweza kumzika mwenyewe, kisha mwanawe, na kuendelea kuchezwa. Ila vile vishimo vya uani, ambavyo mtoto aliinama juu yake jioni baada ya jioni, vinafukiwa na nyayo za mbuzi.

Kwa hiyo ukifungua sanduku la bati la mzee wa Nyakabuye ukitafuta kichezeo chake cha mwaka 1950, utakuta vitenge, hati za shamba, cheti cha ubatizo, na kichezeo hutakiona. Mpe majani makavu ya mgomba na muda kidogo, hapo ndipo utakapokiona. Vidole vinakumbuka mafundo. Atakueleza pia ni nani aliyemfundisha, na mara nyingi ni kaka aliyemtangulia au binamu wa upande wa mama, kwa sababu katika vilima hivi vichezeo hutengenezwa na watoto kwa ajili ya watoto. Ninachokitetea katika makala hii kinaanzia hapo: thamani ya kichezeo hutoka kwa mtu aliyekitengeneza au aliyekitoa, na pale ambapo kitu chenyewe hakidumu, thamani hiyo hupata pa kukaa pengine bila kupungua. Historia ya dunia, nikiisoma kutoka Rusizi, inaniunga mkono zaidi kuliko inavyonipinga.

Wanaosema kwamba Mwafrika hakuwa na mapenzi na vichezeo kwa kuwa hakuacha vichezeo vya kale, wasome kwanza hali ya hewa. Katika Makumbusho ya Uingereza jijini London kuna mwanasesere wa vitambaa aliyetoka Oxyrhynchus nchini Misri, wa zama za Waroma, kati ya karne ya kwanza na ya tano baada ya Kristo. Ni kitani kilichojazwa matambara na mafunjo, chenye umbo ambalo mtoto yeyote wa leo angelitambua. Kimefika kwetu kwa sababu mchanga wa Misri haunyeshewi. Zika mwanasesere kama huyo Nyakabuye, mahali penye misimu miwili ya mvua kila mwaka, na katika miaka michache udongo utakuwa umemmaliza. Ukimya wa ardhi yetu umetokana na maji, na hautuambii lolote juu ya mioyo ya watoto waliocheza juu yake.

Mwaka 1889, wafanyakazi waliokuwa wakichimba misingi ya jumba la mahakama huko Roma walifumania majeneza mawili ya mawe. Moja lilikuwa la msichana aitwaye Crepereia Tryphaena, aliyefariki katika karne ya pili akiwa na umri wa karibu miaka ishirini. Pembeni mwake alilazwa mwanasesere wa pembe ya ndovu mwenye viungo vinavyokunjika magotini na viwikoni, na nywele zilizosukwa kwa mtindo wa mabibi wa wakati huo. Wasichana wa Kiroma walikuwa na desturi ya kuwatoa wanasesere wao sadaka kwa miungu kabla ya kuolewa. Crepereia hakuolewa, kwa hiyo hakumtoa. Alifika naye kwenye umri wa mtu mzima, na waliomzika waliona ni haki waende pamoja. Ni mmoja wa mashahidi wa kale tulio nao wa mtu aliyevuka utoto akiwa bado ana kichezeo chake, na sababu yake inaeleweka: mwanasesere alikuwa akiingojea siku ambayo haikuja.

Sisi huku tuna mwana hiti. Kwa Wazaramo, Wakwere na majirani zao wa pwani na bara ya Tanzania, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, na katika siku hizo za kuwekwa alikabidhiwa umbo dogo la mti au la kibuyu: kiwiliwili kama nguzo, bila mikono wala miguu, kichwa chenye vishungi viwili vya nywele. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto, kwa sababu alikuwa akijifunza kuwa mama. Msichana alipotoka, mwana hiti alirudi kwenye ukoo na kumngojea msichana mwingine. Mwanasesere huyo alishikwa na bibi, mama na binti kwa zamu, na mti wake uling'aa kwa mafuta ya mikono yao. Wakati Mroma aliagana na kichezeo chake ili aingie utu uzimani, Mzaramo alipewa kichezeo kilekile kama mlango wa kuingilia. Baadaye makumbusho ya Ulaya yalijaa wana hiti, wamesimama kwenye vioo kama kazi za sanaa. Kazi za sanaa ni kweli. Lakini kila mmoja wao alichukuliwa akiwa na zamu ambazo hazijaisha, na kuna ukoo mahali fulani ambao zamu yake ilikatika.

Mapinduzi ya viwanda yalileta jambo jipya: kichezeo kisicho na mkono wa mtu unayemjua. Ujerumani ya karne ya kumi na tisa iliuza wanasesere na vichezeo vya bati duniani kote. Ujerumani hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuitawala Rwanda kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, hadi Wabelgiji walipoichukua mwaka 1916. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, katika eneo hili hili la Cyangugu, mwaka 1903. Jina la misheni hiyo limebaki duniani kupitia kahawa, maana kuna aina ya kahawa iitwayo Mibirizi hadi leo. Mdoli wa dukani alikuja nyuma ya njia hizo, kwanza kwa watoto wa wazungu, halafu kwa wa makarani na wafanyabiashara. Kwa watoto wengine alikuwa kitu cha kutazamwa kupitia dirisha.

Yupo mnyama mmoja wa kitambaa ambaye historia yake inapita Mombasa. Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini wakati wa mawindo huko Mississippi. Mchoraji wa gazeti akachora tukio hilo, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la utani la rais. Wakati huohuo kampuni ya Steiff huko Ujerumani ilikuwa ikitengeneza dubu wa manyoya wake, bila habari za Brooklyn. Miaka michache baadaye dubu hao walikuwa kwenye vitanda vya watoto wa mabara mawili. Roosevelt mwenyewe, akiwa ametoka madarakani, aliteremka Mombasa Aprili 1909 na kuwinda Kenya, Uganda na Sudan kwa muda wa karibu mwaka mzima, akiua wanyama kwa mamia kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Mtu ambaye jina lake lilikuwa likikumbatiwa na watoto usiku alipita katika nchi zetu na bunduki. Naona ni halali kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Dubu wa kitambaa ndiye aliyewafanya wanasayansi waulize kwa nini mtu hung'ang'ania kitu. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliwasomea wenzake mada juu ya blanketi na dubu ambao mtoto hawezi kulala bila wao. Alisema kitu hicho husimama kati ya mtoto na mama, humsaidia kuvumilia mama akiondoka, kisha polepole hupoteza maana. Hakisahauliwi, na hakililiwi. Ni nadharia nzuri, iliyotokana na watoto wanaolazwa peke yao katika vyumba vyao. Wanasaikolojia wa Italia Renata na Eugenio Gaddini walilinganisha mwaka 1970 watoto wa vijijini, wa mji wa Roma, na wa wageni Waingereza na Wamarekani waishio Roma. Wa kijijini waliokuwa na kitu cha namna hiyo hawakuzidi watano katika mia. Wa Roma walikaribia theluthi. Wa wageni walipita nusu. Mtoto anayelala ubavuni mwa mama hana pengo la kuzibwa na dubu.

Nyakabuye iko upande wa kijiji cha Italia katika jambo hili. Mtoto wa hapa hubebwa mgongoni katika ingobyi, mbeleko ambayo zamani ilikuwa ya ngozi ya kondoo au ndama na leo ni ya kitambaa, na usiku hulala na mama. Anapotoka mgongoni humpisha mdogo wake, na mara nyingi yeye mwenyewe baada ya muda humbeba. Ingobyi ya ngozi ilidumu. Ilibeba watoto wa tumbo moja wote, na ikibaki nzima ilibeba wajukuu. Ikiwa kuna kitu cha utotoni ambacho nyumba ya zamani ya Rwanda ilikitunza kwa uangalifu ambao Mwingereza anamtunzia dubu wake, kitu hicho ni hiki, ingawa hakuna aliyecheza nacho. Kina harufu ya mama. Dubu wa Mwingereza naye, ukimuuliza kwa upole, hulindwa kwa sababu ya harufu.

Utafiti mwingine unanipendeza zaidi. Bruce Hood wa Chuo Kikuu cha Bristol na Paul Bloom wa Yale walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miaka mitatu hadi sita. Waliwaonyesha mashine iliyodaiwa kuweza kunakili kitu chochote hadi kisitofautishwe na cha awali. Watoto walikubali vichezeo vya kawaida vinakiliwe, na wengine walifurahi kuchukua nakala. Ila mtoto akiombwa kumtia mashineni dubu anayelala naye, mambo yalibadilika. Baadhi walikataa katakata, na wengi wa waliokubali walitaka warudishiwe yuleyule, si nakala. Mtoto wa miaka minne tayari anajua kwamba kitu kina historia, na kwamba historia hainakiliki. Wanaomcheka mtu mzima aliyehifadhi mdoli chakavu huku maduka yakiwa na wapya wangejifunza kwake.

Nirudi Rusizi. Kati ya karere na dubu wa kiwandani kuna familia kubwa ya vichezeo ambavyo watu wa Afrika Mashariki na Kati tunavifahamu kwa mikono: gari la waya lenye usukani mrefu unaofika kifuani, lori la kopo la samaki, magurudumu ya kandambili iliyokatwa kwa wembe au ya vifuniko vya chupa za bia ya Primus. Ringi ya baiskeli isiyo na tairi inasukumwa kwa kijiti kuteremka kilima chote. Kaskazini mwa Kivu, huko Goma, chukudu, skuta ya mbao ya magurudumu mawili, imekuwa chombo cha kazi kinachobeba magunia ya viazi, na wadogo wa waendeshaji hujitengenezea ya kwao ya kuchezea. Gari la waya linaweza kudumu. Waya hauozi upesi, na kopo likikaa darini halipati kutu haraka. Kwa hiyo kizazi kilichozaliwa kuanzia miaka ya 1960 ndicho cha kwanza katika vilima hivi kilichokuwa na vichezeo vya mkono ambavyo vingeweza kutunzwa, na vingetunzwa, lau nyumba zingesalia.

Nyumba hazikusalia. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika Cyangugu katika siku za mwanzo za Aprili. Watu walikimbilia parokia, zikiwemo Mibirizi na Shangi, na waliuawa humo. Waliokusanywa kwenye uwanja wa Kamarampaka walihamishiwa Nyarushishi, ambako maelfu waliishi chini ya tishio hadi askari wa Ufaransa walipofika tarehe 23 Juni. Wauaji walipora mabati, milango na vyombo, wakachoma kilichobaki. Katika majira hayohayo ya kiangazi mamia ya maelfu ya watu wengine walivuka daraja la Rusizi kuingia Bukavu, na wengi hawakurudi hadi mwaka 1996. Picha za arusi, madaftari ya shule, ingobyi za bibi, magari ya waya ya darini, vyote vilikwenda. Mtu aliyenusurika akiwa na miaka tisa alibaki bila kitu chochote cha kumthibitishia kwamba aliwahi kuwa na miaka minane.

Kwenye kumbukumbu ya Gisozi jijini Kigali, iliyofunguliwa Aprili 2004 mahali walipozikwa watu 250,000, kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya watoto. Ni picha kubwa za watoto, na chini ya kila picha kibao kifupi: umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, alivyouawa. Vibao kadhaa vinataja pia kichezeo. Dada wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa sita, wameandikiwa kwamba walichezea mdoli mmoja kwa pamoja. Mdoli mwenyewe hayupo. Lililopo ni neno la mtu mzima aliyebaki, aliyeulizwa wanawe, wadogo zake au wapwa zake walipenda nini, na katika yote aliyoweza kusema akakumbuka mdoli, na kwamba alikuwa mmoja kwa wawili. Nafikiri hapa ndipo nadharia ya Winnicott inapofikia kikomo chake. Alisema kichezeo hakililiwi. Huko Gisozi kinaliliwa, kwa jina lake na kwa idadi yake, na aliyekililia ni mtu ambaye hakikuwa chake.

Vita vingine vimefundisha hivyohivyo. Kabla ya kujificha mwaka 1942 huko Amsterdam, Anne Frank alimwachia msichana jirani gololi zake amtunzie. Jirani alizitunza zaidi ya miaka sabini kabla ya kuzitoa, na mwaka 2014 zilionyeshwa hadharani Rotterdam. Mwanamke huyo alizeeka na gololi za mtoto mwingine. Sarajevo kuna makumbusho ya utoto wa vitani, yaliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo hayaonyeshi silaha wala majemadari: kila kitu kilichomo kilitolewa na mtu aliyekuwa mtoto wakati wa kuzingirwa kwa mji, na kando ya kitu kuna maneno yake mwenyewe. Mdoli, viatu vya dansi, karatasi ya chokoleti ya msaada. Baraza la Ulaya liliyapa tuzo yake ya makumbusho mwaka 2018. Naamini uzito wake unatokana na hilo la maneno, kwa sababu mdoli asiye na maelezo ni takataka kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Na mara nyingi hakuna hata huyo mdoli. Mwaka 2012 mpiga picha Brian Sokol, akifanya kazi na UNHCR, aliwaomba wakimbizi wa Sudan waliofika kambi za Sudan Kusini waonyeshe kitu muhimu kuliko vyote walichobeba. Mama mmoja alishika sufuria. Mwingine alionyesha mti wa mabegani ambao kwao alitundika vikapu na kubeba watoto njiani. Anayekimbia kwa miguu huhesabu uzito, na kichezeo hakipati nafasi. Rusizi inalijua hilo kwa macho yake. Mwaka 2015 Warundi waliingia kwa wingi, wengine kupitia Bugarama. Nyarushishi ileile ya mwaka 1994 imekuwa ikiwapokea Wakongo wanaovuka kila vita vinapolipuka ng'ambo. Watoto hufika mikono mitupu, na baada ya siku chache kambini kuna magari yaliyotengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada. Hilo limeshaonekana katika kambi nyingi mno za ukanda wetu kiasi kwamba sioni haja ya kulipamba. Kichezeo kilichobebwa kichwani kilipita mpakani bila kukaguliwa.

Kati ya hayo yote, biashara imetuletea dubu wa Brooklyn na Steiff kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Ndani ya marobota ya mitumba, katikati ya mashati na sweta, hutoka vichezeo vya manyoya: sungura aliyeng'oka jicho, dubu mwenye jina la mtoto lililoshonwa kwenye sikio. Kuanzia Gikomba ya Nairobi hadi masoko ya maziwa makuu vimeuzwa kwa bei ya chai na mandazi. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake vya nguo, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa kodi. Katika mvutano huo wa mataifa hakuna aliyezungumzia dubu. Lakini mtoto wa mjini Kamembe, hapa Rusizi, aliyenunuliwa dubu kama huyo mwaka 2005 leo ni mtu mzima, na kama dubu bado yumo kabatini, ni wa mama aliyemnunua. Yule mtoto wa kwanza wa Ulaya, mwenye jina sikioni, hana tena dai. Mapenzi huanza upya kwa kila mpokeaji, sharti awepo mtu wa kutoa.

Ndiyo maana siwaonei wivu watoto wanaopata plastiki nyingi za bei rahisi kila sikukuu. Plastiki inadumu kuliko kila kitu kilichotajwa hapa, pengine hata kuliko pembe ya Crepereia, na bado ndiyo inayotupwa upesi zaidi. Ikitoka kwa mjomba wa mbali aliyeikumbuka siku yako, utaitunza. Ikitoka kwenye lundo, italala shimoni na betri zake. Kinachonitia moyo ni kwamba Rwanda, tangu ilipopitisha sera yake ya kwanza ya malezi ya watoto wadogo mwaka 2011, imewarudisha wazazi kwenye ufundi. Katika ingo mbonezamikurire, yale makao ya malezi yaliyoenea vijijini, akina mama na akina baba hutengeneza vifaa vya kuchezea kwa majani ya mgomba, vitambaa, mbao na vifuniko vya chupa. Karere imeingia darasani. Kitu ambacho kizazi kilichopita kilikiona alama ya ufukara sasa kinashikwa na mwalimu, na baba aliyekuwa fundi wa mafundo ana cha kumfundisha mwanawe mbele ya watu.

Kinachokosekana ni maandishi. Makumbusho ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, yamehifadhi vikapu, mitumbwi, mikuki na ufundi wa nyumba ya msonge. Ningependa yapokee pia kundi zima la ng'ombe wa udongo na zizi lake la vijiti, likiwa na jina la aliyelifinyanga na la aliyemfundisha. Shule za Nyakabuye hazihitaji kulisubiri hilo. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kumwomba bibi au babu atengeneze kichezeo alichokitengeneza utotoni, achore kila hatua, aandike kilitoka kwa nani na kilikuwaje hadi kikapotea. Waliochunga ng'ombe wa intobo kabla ya uhuru wa mwaka 1962 sasa wengi wao wamepita miaka sabini, na hao ndio wa kuanza nao.